Nyeupe Bado

Nimeshona miaka ishirini na sita
nyuma ya soko la Nyamugo, hapa Bukavu.
Jicho la sindano nalijua kuliko langu.
Lakini Jumanne ile, redio iliponyamaza
katikati ya matangazo ya vifo,
kabla hawajataja jina la mwisho,
nilichukua bisibisi ya cherehani
nikaifungua tumbo.

Niliona mishono.
Mishono ya risasi, midogo, imepangwa,
mingine imefumuka
kama pindo lililoshonwa na mtu mwenye haraka ya kwenda harusini.
Nikasema: kumbe.

Mwalimu wangu ni Akonkwa wa Mama Nsimire,
miaka kumi na mitano, fundi wa simu
kwenye ngazi za kuteremkia mtoni.
Ada yake: suruali ya shule.
Nimeirefusha mara mbili,
maana anakua katikati ya masomo.

"Umeme ni mvivu, mama," alianza.
"Hutafuta njia fupi. Ukimwonyesha njia fupi
anakuchomea nyumba."
Sikuandika hilo.
Nilikuwa naitazama, kule juu ya mteremko,
nafasi nyeusi ilipokuwa nyumba ya mbao ya Chiragane,
na waya wake uliofungwa kwa plasta ya kidonda.

Taa yangu ya kwanza ilikuwa nyekundu,
ndogo kama tunda la kahawa lililoiva.
Niliipeleka kwenye betri ya pikipiki
moja kwa moja, bila kizuizi.
Iliwaka vizuri mno, mara moja,
kisha ikanuka.
Akonkwa akafungua daftari la madeni.

Ya pili haikuwaka kabisa.
"Mguu mrefu ni chanya, mama. Umeigeuza."
Mimi! Mimi ninayejua uso wa kitenge
kwa kidole, gizani, nikiwa na usingizi.

(Gizani, ndiyo. Umeme wa mji huu
hurudi usiku wa manane kama mume mlevi
na kuondoka kabla hujamuuliza neno.
Kwa hiyo tunasoma kwa betri,
na kuchomelea kwa msumari
ninaoupasha ndani ya pasi yangu ya makaa.)

Kisha vikaja vizuizi, vijidudu vya udongo
vyenye mikanda ya rangi, na kila rangi ni namba.
Hapo kijana alinyoosha mgongo, akidhani nitalia.
Nilicheka. Nina visanduku vinne vya nyuzi.
Nilirudi kesho yake na ubeti:

*Nyeusi haina kitu, kahawia ndiyo moja,*
*nyekundu ni mbili zetu, chungwa tatu linangoja,*
*njano nne, tano mwitu, ziwa sita, nalo laja,*
*saba ni zambarau tu, jivu nane, bado moja.*

"Na nyeupe?" akauliza.
Nyeupe ni tisa, lakini mizani ilikwisha.
Niliiacha nje, kama kifungo cha akiba
kinachobaki mfukoni mwa fundi.
Tangu hapo hatuisahau.

Redio bado haisemi.
Upande mmoja unakoroma; juzi, kati ya mikoromo,
mwanamke fulani alitaja bei ya viazi
kwa lugha ya ng'ambo ya ziwa,
akazama tena.
Jina lile la mwisho sikulipata.
Nimeuliza sokoni; kila mtu ana jina lake.

Lakini jana mvua ilipokata kila kitu
nilifunga taa nyekundu juu ya sindano,
ya tatu, mguu mrefu mahali pake,
na kizuizi: njano, zambarau, kahawia.
Nilijisomea kwa sauti. Mia nne na sabini.
Ikawaka, kwa kiasi, kama mtu mwenye adabu.

Nikavuta suruali ya Akonkwa,
nikafumua pindo kwa mara ya tatu,
nikachukua uzi mweupe wa kuwekea alama.
Chini ya taa ile ulikuwa mwekundu.
Nikaushika hivyo, mbele ya tundu la sindano,
nisijue niuite mbili
au tisa.